Uzi: Kusawazisha viungo kwenye bia ya Krismasi ya kupika nyumbani, ili glasi isigeuke pilau

#1 FundiKimea (Moshi)

Wakuu heshima kwenu. Oktoba ndiyo hii. Anayetaka bia yake iwe mezani Desemba, watu wakirudi nyumbani Kilimanjaro, jungu liwe motoni ndani ya wiki mbili tatu zijazo. Uzi huu ni wa viungo. Habari za kupika bia kwa ujumla nitazigusa pale tu zinapogusa ladha ya viungo.

Hoja yangu ni moja. Mapishi ya bia ya Krismasi tunayoyakuta mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya au Marekani, ambaye karafuu, mdalasini na kungumanga anakutana nazo kwenye keki ya Desemba. Mnywaji wa kwetu anakutana nazo kwenye pilau ya kila harusi na kwenye chai ya maziwa. Ukifuata vipimo vyao, mtu anainusa glasi na kusema "hii pilau" kabla hajaonja. Pili, Desemba yao ni baridi kali, ya kwetu ni jua. Bia nzito, tamu, ya asilimia 8 au 9, haishuki mchana wa Moshi.

Kwa hiyo mpangilio wa viungo tuugeuze. Tangawizi na ganda la chungwa vitangulie puani. Iliki ifuate kwa mbali. Mdalasini ushike katikati. Karafuu iwepo kwa kiasi ambacho mnywaji hawezi kuitaja, ila ukiiondoa bia inapwaya. Pilipili manga acha. Binzari nyembamba usiikaribishe kabisa, hiyo peke yake inatosha kuleta pilau. Ndiyo maana mchanganyiko wa pilau wa pakiti haufai hapa, hata ukiwa mzuri kiasi gani.

Msingi wa kujadili, lita 20:

Kimea cheupe cha shayiri kilo 4.5, kimea cha karameli gramu 400, sukari guru gramu 300 dakika 10 kabla ya kuzima moto. Kimea kiloweke kwenye maji ya nyuzi 67 kwa saa nzima, lita 14 hivi. Hopsi (maua makavu yanayotia bia uchungu) zenye asidi ya alfa 5%, gramu 35, tangu mchemko unapoanza. Hamira kavu ya bia aina ya eli, isiyo na harufu yake kubwa, gramu 11. Haidromita, kipima uzito wa kimiminika, isome karibu 1.057 mwanzoni na 1.013 mwishoni, yaani kilevi kama 5.8%.

Uchungu nimeuweka karibu IBU 20 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia) kwa makusudi. Viungo vinaleta uchungu na ukakasi wake mwenyewe, hasa mdalasini na ganda la chungwa. Ukiweka hopsi za IBU 35 kisha ukaongeza viungo, bia inakuwa na ukali unaobaki nyuma ya ulimi na hakuna sukari itakayouficha. Kimea kilichokaangwa kikawa cheusi nacho nimekiacha nje. Uchungu wa kuungua ukikutana na karafuu unatoa ladha ya majivu.

#2 MamaNjiro (Arusha)

Asante kaka, msingi umekaa vizuri. Sasa tupe namba za viungo vyenyewe. Karafuu ngapi, na zinaingia wakati gani? Wengine wanasema tangu mwanzo wa mchemko, wengine mwisho.

#3 FundiKimea (Moshi)

Mwisho, dada. Harufu ya viungo iko kwenye mafuta yanayopaa na mvuke. Ukichemsha saa nzima, unafukuza harufu na kubaki na tanini, ule ukakasi wa mti. Dakika 5 za mwisho, au unazima moto, unatia, unafunika dakika 10 kisha unapooza haraka.

Kwa lita 20, ukitia kwenye jungu:

Tangawizi mbichi gramu 40, ikatwe vipande vyembamba, isisagwe. Ganda la machungwa matatu, ile rangi ya juu tu. Sehemu nyeupe ina uchungu usioondoka, kwa hiyo tumia kisu cha kumenyea viazi na mkono mwepesi. Mdalasini vijiti gramu 8. Iliki punje 8, zipasuliwe zionyeshe mbegu. Karafuu nzima 4, na 6 ndiyo mwisho. Kungumanga gramu nusu, ikwanguliwe papo hapo.

Karafuu 4 zinaonekana kichekesho kwenye lita 20. Zisikudanganye. Eujenoli, mafuta yanayobeba harufu ya karafuu, ni yale yale yanayotumika kutia ganzi jino. Ikizidi inatia ganzi ulimi, na ulimi wenye ganzi hausikii tena chungwa wala iliki. Ndiyo maana kosa la karafuu ni baya kuliko makosa mengine yote ya viungo: linafuta kazi ya vingine.

Usitumie unga wa kiungo chochote. Unga wa mdalasini ukikutana na maji moto unateleza kama uji wa kamasi, unaziba mrija, na chembe zake zikiingia kwenye chupa zinafanya gesi ilipuke ukifungua, bia yote inakimbilia juu.

#4 MzeeWaHaidromita (Arusha)

Fundi, vipimo vyako havina ubaya, ila njia ya jungu napingana nayo. Jungu ni kubahatisha. Karafuu ya mwaka huu na ya mwaka jana hazina mafuta sawa. Mdalasini wa gome nene na wa gome jembamba ni vitu viwili. Zaidi ya hapo, bia inapochacha gesi inabeba sehemu ya harufu na kuondoka nayo, na hujui imeondoka na kiasi gani. Ukitia kwenye jungu umefunga mlango. Ikizidi huna la kutoa.

Loweka kila kiungo peke yake kwenye pombe kali, upate dondoo, kisha utie bia ikiwa imeshachacha, ukionja tone kwa tone. Kilevi kinavuta mafuta ya viungo vizuri kuliko maji, na kinaua vijidudu vilivyoko kwenye ganda.

Kwa mililita 100 za pombe kali ya 40%:

Karafuu gramu 2, siku 2. Sijakosea kuandika, ni gramu 2. Mdalasini gramu 10, uvunjwe vipande, siku 6. Mbegu za iliki gramu 5, zipondwe kidogo kwenye kinu, siku 3. Kungumanga gramu 5, siku 5. Ganda la chungwa gramu 20, siku 4. Tangawizi gramu 20, iliyokatwa na kuanikwa siku moja kivulini ipunguze maji, siku 7.

Chupa ziwe za kioo. Mafuta ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki. Weka gizani, tikisa kila siku, chuja kwa kitambaa kizito kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Siku zikizidi, mdalasini na karafuu vinaanza kutoa tanini, kwa hiyo chuja kwa wakati hata kama hujawa tayari kutumia. Dondoo iliyochujwa inakaa miezi bila shida.

Sasa kupima. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la insulini la mililita 1, lile lenye alama 100. Tupa sindano kwa usalama, bakiza bomba. Chukua glasi, pima bia mililita 100 kamili. Lita 20 ni glasi kama hiyo mara 200. Alama moja ya bomba ni sehemu ya mia ya mililita. Kwa hiyo hesabu yote inakuwa hii: kila alama 1 kwenye glasi ya mililita 100 ni mililita 2 kwenye ndoo ya lita 20. Alama 10 za karafuu zikikupendeza, ndoo inataka mililita 20.

Pa kuanzia: karafuu alama 6, mdalasini 15, iliki 10, kungumanga 6, chungwa 25, tangawizi 25. Jumla ni alama 87, yaani mililita 174 kwenye ndoo. Pombe hiyo inaongeza kilevi kwa kama asilimia 0.3, si kitu cha kukutia wasiwasi.

Onja kwa utaratibu. Anza na chungwa na tangawizi pekee mpaka ziridhishe. Ongeza mdalasini. Ongeza iliki. Karafuu iwe ya mwisho kabisa, alama mbili mbili, na baada ya kila nyongeza kula kipande cha mkate mkavu na unywe maji. Ukishaonja karafuu mara nne au tano, ulimi umechoka, acha mpaka kesho yake asubuhi. Maamuzi ya karafuu yanayofanywa usiku baada ya glasi kumi huwa yanazidisha, kwa sababu ganzi inakufanya udhani haipo.

#5 ChaliiWaSakina (Arusha)

Shikamoo mzee. Pombe kali gani inafaa? Konyagi? Na gongo je, maana inapatikana kwa bei ya chini.

#6 MzeeWaHaidromita (Arusha)

Marahaba kijana. Vodka yoyote ya kawaida isiyo na ladha. Konyagi ni 35% na ina harufu yake inayokaribia jini. Kwa chungwa na iliki inakubali, kwa mdalasini na tangawizi inaingilia. Ukiitumia, ongeza siku moja ya kuloweka kwa kila kiungo.

Gongo hapana. Haina kipimo cha kilevi, huwezi kujua kilichomo, na hapa tunatengeneza kitu ambacho wageni na wazazi watakunywa.

#7 FundiKimea (Moshi)

Mzee nakubali kwa karafuu, kungumanga, iliki na mdalasini. Kwa tangawizi nasimama na jungu, na sababu ni hii. Tangawizi mbichi ina jinjeroli, inayowasha. Ikipata moto sehemu yake inageuka na kuwa kitu laini, kitamu kidogo, kinachokaa vizuri na kimea. Ile iliyokaushwa sana inageukia upande mwingine, shogaoli, ambayo inawasha kuliko mbichi. Dondoo ya tangawizi isiyopita motoni inakuja na ncha kali, na bia yenye gesi tayari ina mwasho wake wa gesi. Viwili hivi vinajumlishana kooni. Gramu 40 moto ukishazimwa zinakupa mwili wa tangawizi, kisha dondoo unaitumia kusahihisha tu, alama 5 hadi 10 badala ya 25.

Hali kadhalika giligilani, mbegu kavu. Haijatajwa bado na ni kiungo cha maana sana kwetu. Mafuta yake yanabebwa na linaloli, inayokaribia harufu ya maua na ngozi ya limao. Inaunganisha chungwa na iliki bila kuleta pilau, mradi usiikaange. Wabelgiji wanaijua siku nyingi. Pierre Celis alipoifufua bia nyeupe ya ngano pale Hoegaarden mwaka 1966, viungo vilikuwa giligilani na ganda la chungwa. Kwa lita 20 tia gramu 12, zipondwe zipasuke tu, dakika 5 za mwisho.

#8 MamaNjiro (Arusha)

Kwa hiyo jungu: tangawizi na giligilani. Dondoo: vilivyobaki. Naona mmeelewana kuliko mnavyodhani.

#9 DadaWaMbuyuni (Moshi)

Wakuu mnapima kwa alama za sindano, lakini hamjasema kitu kuhusu kiungo chenyewe kinavyonunuliwa. Viungo vibovu havisawazishwi kwa bomba lolote.

Karafuu: chukua moja, bonyeza kichwa chake kwa ukucha. Ikiwa nzima, mafuta yanatoka na ukucha unang'aa. Au tia chache kwenye glasi ya maji. Nzuri zinazama au zinasimama wima kichwa juu. Zilizokwisha mafuta, au zilizoshakamuliwa, zinalala ubavu juu ya maji. Zikiwa na vijiti vingi vya vikonyo, umeuziwa uzito.

Iliki: ganda la kijani, lililofunga. Likishapasuka lenyewe na kugeuka rangi ya majani makavu, harufu imeondoka. Ndani mbegu ziwe nyeusi na zinate kidogo mkononi. Mbegu za kijivu na kavu ni za zamani. Nunua na maganda yake, umenye siku ya kuloweka.

Mdalasini: vijiti vinavyoviringika tabaka nyingi nyembamba, vinavyovunjika kwa vidole, ni laini na vina utamu. Gome nene gumu la tabaka moja lina ukali zaidi na linakausha mdomo. Yote yanafaa, ila ukiwa na lile nene punguza kwa theluthi. Vipande vya gome vilivyopondwa na kuwekwa kwenye pakiti bila kujua ni nini, usichukue.

Kungumanga: nunua nzima. Choma kwa sindano, mafuta yatoke. Isiyo na uzito mkononi imeliwa na wadudu ndani.

Tangawizi: ya Same ndiyo ya kutafuta, hasa kutoka milimani kule Mamba Myamba. Ina mwasho kuliko zile kubwa nyororo za maji. Ukiwa nayo, gramu 40 za Fundi zishuke hadi 30. Chagua iliyokomaa, ngozi inayokwaruza na nyuzi ukivunja.

Machungwa: yale yenye ngozi ya kijani kibichi ambayo ndiyo tumezoea sokoni yanatoa dondoo kali, inayoelekea limao. Subiri yageuke rangi, au changanya na ganda la chenza moja. Osha kwa maji ya uvuguvugu na brashi.

Mbuyuni kwa Moshi, Kilombero kwa Arusha, vyote vinapatikana. Nenda na pua yako, na muombe muuzaji akufungulie gunia jipya. Kiungo kilichokaa juani mbele ya meza tangu asubuhi kinauzwa bei ile ile.

#10 Kibosho_Juu (Moshi)

Naomba kuuliza jambo. Bia ikitoka na harufu kama ya kliniki au plasta, na karafuu zilitiwa chache kabisa, tatizo linakuwa nini? Ni karafuu mbaya?

#11 MzeeWaHaidromita (Arusha)

Swali zuri sana, mangi, na hapa ndipo wengi wanapolaumu kiungo kisicho na kosa. Mbali na karafuu yenyewe, harufu ya namna hiyo kwenye bia ina vyanzo vinne.

Cha kwanza ni hamira. Kuna hamira zinazogeuza asidi fulani ya kimea kuwa fenoli yenye harufu ya karafuu. Zile za bia ya ngano ya Ujerumani zinafanya hivyo kwa makusudi, na hamira ya mkate nayo mara nyingi inafanya. Ukitumia hamira ya namna hiyo, umeshatia karafuu bila kujua. Ndiyo maana Fundi ameandika hamira isiyo na harufu kubwa. Hili lisipuuzwe.

Cha pili ni klorini. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na fenoli inatengeneza klorofenoli. Kiasi kidogo mno kinatosha kunuka plasta au dawa. Hii ndiyo kliniki unayoisema. Karafuu yenyewe hainuki plasta. Dawa yake: chemsha maji yote dakika 15 hadi 20 bila kifuniko siku moja kabla, uyaache yapoe, au tumia nusu kidonge cha metabisalfaiti kwa ndoo moja. Jik nayo usiisafishie vyombo kisha ukasuuza haraka haraka, inaleta matokeo yale yale.

Cha tatu ni joto. Bia ikichacha kwenye nyuzi 28 au 30, hamira inatoa vileo vizito na harufu kali vinavyogombana na viungo. Lenga 18 hadi 20. Bila friji, weka ndoo ndani ya beseni la maji, funika kwa khanga iliyolowa yenye ncha ndani ya maji, na tumbukiza chupa mbili za maji yaliyoganda asubuhi na jioni. Siku 4 za kwanza ndizo za kulinda. Ukifika siku ya tano, ikipanda hadi 22 si mbaya.

Cha nne ni hamira pori, yaani uchafu. Hiyo unaijua kwa sababu harufu inakua wiki hadi wiki, haidromita inaendelea kushuka chini ya 1.010, na chupa zinazidi gesi.

Jinsi ya kutofautisha: onja bia ikiwa ya joto la chumba. Karafuu halisi inaanzia puani na kuishia kwenye ganzi ya ncha ya ulimi. Klorofenoli inabaki kooni muda mrefu na ladha ya plastiki. Ya hamira ipo tangu siku ya kwanza uchachu ulipoisha, haikui wala haipungui haraka.

Nikiwa hapo hapo kwenye maji: watu wa Arusha, maji ya visima na chemchemi nyingi za kuzunguka Meru yana floridi nyingi na yana bikaboneti nyingi. Floridi haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha na mvuke ukaondoka, inabaki nyingi zaidi kwa kila lita. Kama chanzo chako kinajulikana kuwa na floridi, pikia maji mengine. Bikaboneti nayo inapandisha pH ya kimea, na pH ikipanda juu ya 5.8 maganda ya shayiri yanatoa tanini. Hapo unapata ukakasi na unamlaumu mdalasini. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, kisha rekebisha kwa asidi ya laktiki mpaka karatasi ya pH isome 5.2 hadi 5.5.

Na kwa sababu ya mwinuko, maji ya Arusha yanachemka kwenye nyuzi kama 95, Moshi kama 97. Hopsi zinatoa uchungu taratibu zaidi. Chemsha dakika 75 badala ya 60.

#12 Kibosho_Juu (Moshi)

Ni maji ya bomba moja kwa moja kutoka koki. Nimekuelewa mzee, ubarikiwe.

#13 ChaliiWaSakina (Arusha)

Vipi hizi dondoo kwenye mbege? Kuna anayejua zinavyokaa?

#14 DadaWaMbuyuni (Moshi)

Mbege ni kitu kingine mdogo wangu. Ina uchachu wa ndizi na ulezi, na uchungu wa msesewe, gome la mti. Nafasi ya viungo ni ndogo. Karafuu ikigusana na msesewe uchungu unajikunja mara mbili. Mdalasini unafanya ulezi uonekane kama uji wa mtoto.

Kinachokubali ni tangawizi peke yake. Gramu 5 kwa lita, itwangwe, ichemshwe ndani ya uji wa kimea cha ulezi dakika za mwisho, kisha ichujwe kabla uji haujachanganywa na maji ya ndizi. Dondoo haina faida hapo, maana mbege inanywewa ndani ya siku mbili tatu na inabadilika kila siku. Unachosawazisha asubuhi kimeshahama jioni.

#15 MamaNjiro (Arusha)

Turudi kwenye bia. Karafuu ikishazidi, kuna namna ya kuokoa?

#16 FundiKimea (Moshi)

Kuongeza sukari hakusaidii, unapata karafuu tamu. Kuongeza viungo vingine ili "kuifunika" kunazidisha tatizo. Kusubiri kunasaidia kidogo sana: chungwa na tangawizi ndivyo vinavyofifia kwanza chupani, karafuu na mdalasini vinabaki. Bia iliyozidi karafuu Novemba, Desemba itakuwa na karafuu ile ile na chungwa pungufu, kwa hiyo itaonekana imezidi zaidi.

Njia inayofanya kazi ni kuzimua kwa bia isiyo na viungo ya msingi ule ule. Kwa hiyo siku ya kutia dondoo, usitie kwenye lita 20 zote. Hamisha lita 5 pembeni kwenye dumu safi lililojaa hadi shingoni, utie viungo kwenye 15, na hesabu ya mzee inakuwa alama 1 sawa na mililita 1.5. Ukigundua imezidi, kurudisha lita 5 kunashusha viungo hadi robo tatu ya vilivyokuwa. Kama imezidi mara mbili, hapo unahitaji lita 15 za bia tupu, yaani kupika tena. Ikiwa iko sawa, zile 5 zipe viungo vyake kwa hesabu hiyo hiyo, mililita 0.5 kwa alama.

Njia nyingine ndogo: tia asilimia 80 ya dondoo ulizokokotoa, koroga taratibu bila kuingiza hewa, acha siku moja, onja tena. Kwenye ndoo mafuta yanahitaji muda kutawanyika, na sehemu yanashika kwenye machicha ya hamira.

#17 MzeeWaHaidromita (Arusha)

Hapo Fundi umenena. Niongeze kitu kimoja kuhusu kuonja. Bia ya kwenye ndoo haina gesi na ina joto, itakayonywewa ina gesi na ubaridi. Ubaridi unabana harufu na utamu, gesi inainua harufu na kuongeza ukali. Karafuu na tangawizi zinasikika zaidi kwenye gesi, mdalasini na kungumanga vinapungua kwenye ubaridi. Kwa hiyo glasi ya majaribio ipoze hadi nyuzi 10 kabla ya kuamua mara ya mwisho. Kama una mtu wa kukusaidia, akupe glasi tatu, mbili zenye alama 6 za karafuu na moja yenye 8, bila kukuambia. Usipoijua ya tofauti, bakia kwenye 6.

#18 MamaNjiro (Arusha)

Na ratiba nzima mpaka chupani?

#19 FundiKimea (Moshi)

Wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba pika. Siku hiyo hiyo loweka tangawizi, mdalasini na kungumanga kwa ajili ya dondoo, na uchuje kila moja siku zake zikitimia. Uchachu siku 10 hadi 14, mpaka haidromita isome namba moja siku tatu mfululizo. Wiki ya mwisho wa Oktoba, dondoo zote zikiwa zimeshachujwa, onja, sawazisha. Wiki ya kwanza ya Novemba jaza chupa.

Kujaza: sukari gramu 6.5 kwa lita, yaani gramu 130 kwa lita 20, ichemshwe kwenye mililita 300 za maji dakika 5. Syrapu itangulie ndoo safi, kisha bia ishuke juu yake kwa mrija uliogusa chini, isipige mapovu. Chupa za kahawia, zimeoshwa na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Kwa kuwa chungwa na tangawizi vitapungua, hapo kwenye kujaza ongeza alama 3 za chungwa na 2 za tangawizi juu ya kile ulimi wako ulichokubali, yaani mililita 6 na 4 kwa ndoo. Karafuu usiongeze hata tone.

Wiki mbili kwenye joto la chumba gesi inakuwa imeingia. Kisha mahali penye ubaridi mpaka Krismasi. Toa kwenye friji dakika 15 kabla ya kufungua, ipande hadi nyuzi 8 au 10, maana kwenye nyuzi 4 unakuwa umepika viungo ambavyo hakuna atakayevisikia.

#20 Kibosho_Juu (Moshi)

Swali la mwisho wakuu. Chupa za plastiki za soda zinafaa, au ni kioo tu?

#21 MzeeWaHaidromita (Arusha)

Zinafaa kwa bia, kwa sababu ukiibonyeza unajua gesi imefika wapi. Ila zinapitisha hewa taratibu na harufu ya chungwa inakwisha mapema. Jaza mbili za plastiki za kupimia gesi, uzinywe kwanza, zilizobaki zote kioo. Na isiwe chupa iliyowahi kubeba soda ya tangawizi au ya chungwa. Harufu imeshaingia kwenye plastiki na haitoki kwa kuosha.